Kabla ya Kusema Nimepokea

"Mama Wajdi, nikisema chomoa, chomoa. Usifikirie."

Naziha aliushika waya kwa mikono miwili kama anayeshika mkia wa nyoka. Ulikuwa waya wa kawaida tu, mweusi, umechomekwa ukutani nyuma ya mashine iliyokuwa ikinguruma. Mbele yake Mondher Ktari alikuwa ameinamia kioo, miwani imemshuka puani, midomo ikimcheza bila sauti.

"Si Mondher, itaharibika," alisema, akimwita Si, yaani Bwana, kama wanavyoitana watu wa Tunisia.

"Hilo ndilo ninalotaka kuliona."

"Wenzako wanazitunza mashine, wewe unaziua."

"Chomoa!"

Naziha akasema bismillahi, akachomoa. Ngurumo ikakatika. Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya jikoni ya Nyumba ya Mabaharia, hapo Sfax, na siku za joto kuta zake bado zilitoa harufu ya bizari. Sasa kilikuwa kimya kabisa. Naziha alibaki na waya mkononi, akijiona ameharibu mali ya watu. Mondher alikuna kisogo, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Haya. Sasa tuirudishie roho, tuone imekumbuka nini."

Hivyo ndivyo Naziha, aliyeacha shule darasa la sita ili awalee wadogo zake, alivyojikuta anasaidia kuchagua programu ya barua pepe. Hakuajiriwa pale. Alikuwa anakuja kila asubuhi kwa sababu mwanawe Wajdi alikuwa fundi injini kwenye meli ya mizigo, na kila familia ya baharia ilikuwa na sanduku lake la barua katika seva ya Nyumba ya Mabaharia. Ukumbini palikuwa na kompyuta za familia. Ukikaa, unaandika jina na neno lako la siri, unaona kama mwanao amekuandikia. Kupiga simu kutoka melini ilikuwa anasa, na makapteni hawakuipenda. Lakini barua, meli ilizikusanya na kuzirusha kwa pamoja mara moja kwa siku, zikapanda kwenye setilaiti, zikashuka kwenye kituo cha nchi kavu, na kituo kikazileta Sfax, kwenye stoo ile yenye harufu ya bizari.

Kwa hiyo Naziha alimwangalia Mondher kwa jicho ambalo mama humwangalia nalo daktari, au dereva wa basi la shule. Mtoto wake alikuwa mikononi mwa mtu huyu, awe anajua au hajui. Mondher alikuwa mwembamba, wa makamo, kapera, na sweta moja ya kijivu aliyoivaa hata mwezi wa tano kwa sababu ya baridi ya kile chumba. Akipita karibu na mashine, huigusa ubavu kwa mgongo wa kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Kahawa yake aliisahau mpaka ikafanya utando. Na hakuwahi kupita mbele ya taa nyekundu inayowakawaka bila kusimama. Naziha alilipenda hilo kuliko yote. Yeye mwenyewe hakuweza kupita mbele ya sufuria ya mtu mwingine bila kufunua kifuniko.

Mondher hakuanzia kwenye kompyuta. Ujanani alikuwa mtu wa redio katika kituo cha pwani, akipokea kwa nukta na vistari habari za meli na za familia: amezaliwa, amefariki, tumeposa. Mkuu wake, mzee mmoja wa Mahdia, alikuwa na amri iliyozidi amri zote: usiseme nimepokea mpaka penseli imenyanyuka kwenye karatasi. Kusikia hakutoshi. Kuelewa hakutoshi. Uwe umeandika. Kwa sababu ukishasema nimepokea, yule wa upande wa pili anaitupa nakala yake na kwenda kulala, na kuanzia hapo hakuna mtu duniani mwenye maneno yale isipokuwa wewe.

Kituo kilipofungwa, wenzake walistaafu, yeye akapelekwa Nyumba ya Mabaharia, ambako kompyuta ya kwanza ilikuwa imekaa ndani ya boksi lake bila mtu wa kuifungua. Aliifungua. Alijifunza kwa vitabu na kamusi, akikosea na kuanza upya, na tangu hapo barua zote za nyumba ile zilipita mikononi mwake.

Sasa mashine ya zamani ilikuwa imechoka, na programu iliyokuwa ndani yake haikuwa tena na watu wa kuirekebisha. Ilibidi kuchagua mpya. Mkurugenzi, Si Raouf, mtu wa Tunis, mcheshi, mwenye haraka, alikuwa ameshachagua.

"Si Mondher," alisema siku moja ukumbini, mbele ya watu, "wale wenye programu wamekuja na kurasa za rangi, kalenda, kila kitu. Wamekuja na keki."

"Keki nimekula. Programu sijaionja."

"Ninyi watu wa Sfax! Hata jua likichomoza mnaliangalia kwanza kama ni lile lile la jana."

"Siku lisipokuwa lile lile utatushukuru."

"Wewe ukiletewa bibi harusi utamtikisa kwanza uone kama kuna kinacholegea. Ndiyo maana mpaka leo unakula kwa mama yako."

Ukumbi ukacheka, na Mondher akacheka nao. Lakini akasema kwa sauti ile ile ya upole, "Bibi harusi hatunzi barua za watu, Si Raouf. Nipe mwezi huu. Nitazijaribu tatu, hiyo yako ikiwemo."

"Na ukikosea?"

"Nimekosea mimi."

"Vizuri. Watu wote hawa ni mashahidi. Ikileta aibu, aibu ni yako."

Majaribio yalihitaji watu wawili: mmoja kwenye kioo, mmoja ukutani. Mlinzi wa mlangoni, Ami Hedi, alikataa katakata kugusa umeme. Naziha alikuwa amekaa tu hapo, anangoja barua ambayo haijaja, na mikono yake ilikuwa inataka kazi.

Mondher alizipima hivi. Kutoka mashine nyingine alikuwa anamimina barua za majaribio, nyingi sana, zote zikisema maneno yale yale ya siku zake za redio: Mtoto amezaliwa, wote wazima. Kila programu ilipojibu "nimepokea", jibu liliandikwa pembeni. Katikati ya mvua hiyo ya barua, Naziha akachomoa waya. Umeme uliporudi, Mondher akalinganisha: ulisema umepokea ngapi, na unazo ngapi.

Programu ya mkurugenzi iliamka vizuri, na rangi zake zote.

"Njoo uone," Mondher alisema. Kidole chake kilishuka polepole kwenye kioo. "Hizi zote ilisema imezipokea. Na hizi hapa hazipo."

"Zimekwenda wapi?"

"Hazikwenda popote. Zilikuwa kichwani mwake tu, ilikuwa haijaziandika. Ilitaka ionekane ina kasi."

Naziha aliangalia ile nafasi tupu. Mtoto amezaliwa, wote wazima, na hakuna aliyejua. "Ni mwongo basi."

"Si mwongo. Ana haraka tu." Mondher akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Ila kwa aliye nyumbani anangoja, matokeo ni yale yale."

Ya pili ilipoteza chache, lakini ilipoamka ilikataa kufanya kazi, na mchana kutwa Mondher alipiga magoti mbele yake akiibembeleza. "Hii ni nzuri kwa mtu asiyekwenda likizo," alisema. Ya tatu ilikuwa kongwe, haina hata ukurasa mmoja wa kupendeza, maandishi matupu tu kama karatasi ya mahakama. Naziha aliichomoa mara nyingi, kwa sababu Mondher hakuamini. Asubuhi aliichomoa, mchana aliichomoa, mpaka akazoea na kuacha kusema bismillahi, kisha akaona haya na kuanza tena.

"Hii haikupoteza?"

"Kuna barua haikuzipata. Lakini haikusema imezipata. Ilimwambia mletaji: sijaweza, rudi baadaye. Mletaji bado anayo mkononi."

"Na akichoka kurudi?"

"Hachoki upesi. Huo ndio ustaarabu wao, hizi mashine. Ukiambiwa rudi baadaye, unarudi. Siku kadhaa utarudi. Baada ya hapo unamwambia mwenye barua, nimeshindwa."

Hakuishia hapo. Alisoma magomvi ya watu wanaoitumia, kurasa na kurasa, kwa sababu alisema mtu humjui kwa sifa zake, unamjua kwa yanayolalamikiwa. Walilalamika kuwa ni ngumu kuizoea. Walilalamika kuwa aliyeitengeneza ni mkali. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kuwa imekula barua. Kisha akamwita Ami Hedi, aliyejua Kifaransa cha jeshini, akampa asome mistari ya mipangilio ya programu ile.

"Unaelewa?"

"Naelewa huyu anakubaliwa kuingia na huyu hakubaliwi," alisema Ami Hedi. "Kama kazi yangu tu, ila yeye amekaa kivulini."

"Basi nikigongwa na gari, atakayekuja ataielewa. Naichukua hii."

Si Raouf alipoambiwa aliinua mikono juu, akasema mbaya kuliko ile hajapata kuona, akatia sahihi.

Mondher alihamisha masanduku yote Jumapili moja, watu wakiwa majumbani. Ile mashine ya zamani aliizima mwenyewe. Naziha aliambiwa baadaye na Ami Hedi kwamba aliipigapiga mgongoni kabla ya kuizima, akaiambia ahsante, umenitoa mbali.

Wakati huo meli ya Wajdi ilikuwa imeshapakia mbolea na kuelekea India. Asubuhi ya kuondoka, Naziha alikuwa amemwaga maji kizingitini nyuma ya hatua za mwanawe, kama alivyofanya mama yake na bibi yake, ili aliyetoka arudi. Ilikuwa miaka ile ya maharamia, Ghuba ya Aden na lango lake la Bab el-Mandeb vikitajwa kwenye habari kila siku. Kutoka Suez Wajdi aliandika, kwa herufi za Kifaransa na tarakimu zikishika nafasi ya sauti ambazo Wafaransa hawana, kama vijana wote wa Tunisia wanavyoandikiana. Alikuwa amemfundisha mama yake kuzisoma mezani jikoni, akimcheka. "Mama, tukipita Bab el-Mandeb kapteni anazima kila kitu. Hatutaandika mpaka tumevuka. Siku tutakapovuka nitakuandikia siku hiyo hiyo. Usikae kwenye redio ya baba."

Alikaa kwenye redio ya baba. Abdelmajid, mumewe, alikuwa anapunguza sauti kila alipomwona anaingia, na kujifanya anatafuta mpira.

Siku ya kuvuka ilifika, kwa hesabu ya Abdelmajid, ambaye alisema hajapiga hesabu yoyote. Ilikuwa kiangazi, ofisi zinafungwa mapema mchana. Mondher hakuwepo. Si Raouf alikuwa amemfukuza aende likizo, ya kwanza baada ya miaka mingi. "Nenda kachume lozi," alimwambia. "Umeichagua ile isiyohitaji kubembelezwa, sasa tuone."

Naziha alifungua sanduku. Zilikuwepo barua za zamani, ya Suez juu kabisa. Akafunga. Kesho yake akafungua tena, barua ya Suez bado iko juu. Usiku ule Abdelmajid hakuwasha redio kabisa, na hilo lilimtisha zaidi.

Asubuhi iliyofuata alikaa mbele ya kompyuta kwa muda mrefu, mkono juu ya kibonyezo, akihisi kuna kitu kimepungua na asijue ni nini. Ikawa kama kuingia nyumbani ukakuta kimya, kumbe friji imezimika. Kisha akajua. Hakuwa na cha kufuta. Kila siku ya Mungu kulikuwa na wauza saa, wauza dawa za nguvu, mwana wa mfalme anayetaka kumpa urithi. Alikuwa anawafuta kwanza, kama anayefagia kizingiti kabla ya wageni. Sasa hawakuwepo, wala jana hawakuwepo.

"Ami Hedi, hata takataka hazijaja."

"Mshukuru Mungu. Leo hakuna wa kukuuzia saa."

"Nakwambia hakuna kinachoingia."

"Mama Wajdi, nenda nyumbani unywe kitu baridi."

Hakwenda. Alijiandikia barua mwenyewe, neno moja tu, kama Mondher alivyowafundisha wanapotaka kujua kama njia iko wazi. Akabonyeza. Kioo kikamrudishia mstari mmoja wa Kifaransa, naye akausoma polepole, kidole kikifuata. Nafasi haitoshi. Jaribu tena baadaye.

Naziha alijishika shavu. Rudi baadaye. Ile mashine, aliyoichomoa kwa mikono yake mpaka akachoka, ilikuwa inasema kile ilichosema siku zote. Haikuwa imemeza kitu. Ilikuwa inakataa. Maana yake, kama mtoto wake ameandika, kuna mahali mtu ameshika barua yake mkononi, anabisha hodi, anaondoka, anarudi. Na siku kadhaa zikipita ataacha kurudi.

Alimpigia Mondher, simu ikalia mpaka ikakata. Alimpigia Si Raouf, yuko baharini na familia, simu imezimwa. Akatoka nje kwenye jua kumtafuta mumewe, na kumbe Abdelmajid alikuwa pale barabarani juu ya pikipiki yake kuukuu, chini ya kivuli cha ukuta, kama alivyokuwa, Ami Hedi akamnong'oneza, kila asubuhi ya wiki ile.

"Umekaa hapa unafanya nini?"

"Injini inapumzika," alisema Abdelmajid. "Panda."

Shamba la akina Ktari liko njia ya Gremda. Walimkuta Mondher juu ya mlozi na fimbo mkononi, mama yake chini ametandaza turubai, simu yake ikiwa ndani ya koti, na koti likiwa ndani ya gari.

"Si Mondher!" Naziha aliita kabla pikipiki haijasimama. "Mashine yako inasema rudi baadaye! Inasema nafasi haitoshi!"

Fimbo ilianguka kwanza, kisha yeye. "Haiwezekani. Nimeweka kengele. Kitu chochote kikienda vibaya inaniandikia." Alisimama akijipangusa vumbi. Naziha aliona uso wake ukibadilika kama uso wa mtu anayekumbuka ameacha gesi wazi. "Inaniandikia," alisema polepole. "Inaniandikia wapi?" Akakaa juu ya gunia la lozi.

"Jua limempiga?" mama yake akauliza.

"Hapana, Mama. Nimejipiga mwenyewe."

Mjini, ndani ya ile stoo, hakuhitaji kutafuta sana. Abdelmajid alisimama mlangoni, kofia mkononi, na Mondher akaeleza huku anaandika, sauti yake ikiwa katikati ya kucheka na kulia.

"Ile mashine ya zamani nimeizima mwenyewe, siyo? Kengele ikaona imezimwa. Ikafanya kazi yake, ikaniandikia: mashine ya zamani imekufa. Ikapeleka wapi? Kwenye sanduku langu la zamani. Ndani ya ile ile iliyokufa. Haikufunguliwa mlango. Ikaandika tena, na maelezo zaidi. Na tena. Tangu Jumapili ile. Diski ya hii mpya imejaa barua za kuniambia nijue ninachokijua."

Abdelmajid aliduwaa kidogo, kisha akaanza kucheka, mwanamume ambaye hakuwa amecheka wiki nzima, akacheka mpaka akakohoa na kushika mlango. "Umemwandikia marehemu taarifa ya msiba wake!"

"Na nikakasirika hajibu," alisema Mondher.

Hata Naziha alicheka, machozi yakiwa karibu. Mondher alifuta lundo lile, akaielekeza kengele kwingine, akagusa mashine ubavuni. "Nenda ukae ukumbini," akasema. "Sasa mlango uko wazi."

Wa kwanza kuingia alikuwa muuza saa. Naziha alitaka kumbusu. Kisha mwana wa mfalme. Kisha kwenye kompyuta za jirani zikaanza kuingia barua za watoto wa watu, na Ami Hedi, ambaye sasa alikuwa amevua kofia yake ya mlinzi kwa heshima, alipiga simu kwa familia moja baada ya nyingine: njooni, mwanenu ameandika.

Ya Wajdi haikuwemo.

Mondher alivuta kiti akakaa kando yake. Alileta kahawa mbili na konzi ya lozi mbichi kutoka mfukoni, bado na maganda yake ya kijani. "Kila mmoja anarudi kwa saa yake," alisema. "Aliyekataliwa mara nyingi anangoja zaidi kabla ya kurudi. Kituo cha setilaiti ni cha wastaarabu sana, kinaona aibu kubisha mara kwa mara."

"Na kama hakikuwa na barua ya kuleta?"

Mondher alimenya lozi moja, akamwekea kiganjani. Baadaye akasema, "Nimefikiria njia nzima, Mama Wajdi. Kama ningechukua ile ya rangi, ingepokea hivyo hivyo huku diski imejaa. Ingesema ahsante, nimepokea. Lakini hata hivyo, kosa ni langu. Huenda sikuchagua vizuri. Huenda ningechagua inayofikiri kwa niaba ya mpumbavu."

"Mimi niliichomoa," Naziha alisema. "Kwa mkono huu. Asubuhi na mchana. Haijanidanganya hata mara moja."

Wakakaa. Jua liliteremka kwenye vioo vya dirisha. Abdelmajid alikuwa anazunguka ukumbini akisoma matangazo ya zamani ukutani, yote, hata ya bima. Familia zilizoitwa ziliingia, zikasoma, zikaondoka zikiongea kwa sauti, na kila moja ilimshukuru Mondher, na kila mara alijibu, "Samahanini, samahanini," mpaka mama mmoja akamwambia aache kuomba radhi kama ameiba kuku.

Barua ilipoingia haikufanya sauti yoyote. Ilikuwa haipo, kisha ipo, juu ya ile ya Suez.

"Mama. Tumevuka. Wote wazima. Kapteni aliweka nadhiri kunyoa ndevu tukivuka salama, amenyoa, sasa hakuna anayemwogopa. Mpishi amelia. Mimi sikulia, mwambie baba. Mbona wiki hii hujaniandikia? Wajdi."

Aliisoma kwa sauti, tarakimu na zote. Abdelmajid aligeukia ukuta na kulisoma tena tangazo la bima. Naziha alitaka kumshukuru Mondher, lakini Mondher hakuwa mtu wa kushikwa mkono na mwanamke mbele ya watu. Kwa hiyo aliinuka, akaenda kwenye ile stoo, akaigusa mashine ubavuni kwa mgongo wa kiganja, kama anavyofanya Mondher mwenyewe. Haikuwa na homa. Mondher alimwona kupitia mlango, akainamisha kichwa, na hilo likatosha.

Si Raouf aliporudi kutoka baharini, Mondher alimwendea kabla ya mtu mwingine yeyote, akamweleza yote mbele ya ukumbi ule ule.

"Zimepotea ngapi?" aliuliza Si Raouf.

"Hakuna hata moja."

"Basi hiyo siyo aibu. Huo ni ujinga wa kawaida. Ujinga nasamehe." Kisha akamtazama Naziha. "Na huyu mama ndiye aliyeona?"

"Yeye."

"Mama Wajdi, nikuagizie keki?"

"Kuleni ninyi," alisema Naziha. "Mimi nimeletewa lozi."

Tangu hapo kengele ya Mondher hailii kwenye barua, inamtumia ujumbe kwenye simu, na ya pili inaiangalia hiyo ya kwanza. Lakini aliomba kitu kimoja zaidi, kwa aibu, siku Naziha alipompelekea bakuli la supu ya samaki na mkate wa shayiri. Kila asubuhi, akishaona barua zinaingia, hata kama ni za wauza saa, ambipu. Simu ilie mara moja, akate. Isipolia, atakuja mbio.

Wajdi amerudi. Yuko chumbani amelala kifudifudi, miguu imetoka nje ya kitanda, na nguo zake zenye mafuta ya injini zimelowekwa kwenye karai. Hakuna anayemwandikia Naziha sasa, na hana sababu ya kutoka nyumbani na joto hili. Hata hivyo asubuhi alivaa, akapita Nyumba ya Mabaharia, akamsalimu Ami Hedi, akafungua sanduku lake. Muuza saa alikuwepo. Akamfuta, akatoa simu kifuani, akambipu Mondher, kisha akaenda sokoni kumnunulia mwanawe samaki.